Kisanduku cha Jina la Mama

Ifrah, hooyo, binti yangu,

Jana alasiri ulikuwa umepiga magoti juu ya sanduku lako ukilikandamiza lifungike, na abti Nuur, mjomba wako, amekaa mkekani anakutania. "Unakwenda Mombasa kufundishwa kompyuta," akakuambia, "na mama yako alikuwa anaitumia kambini wewe ukiwa bado darasa la tano. Anza kumuuliza yeye." Ukacheka. Ukamjibu, "Abti, ile haikuwa programu. Zilikuwa kadi tu na vitufe, mtu anabonyeza. Na hata hiyo, yule mkimbizi aliiharibu."

Niliweka birika chini nikatoka. Ulidhani nimekwenda kufunga mbuzi. Nilikwenda kusimama nyuma ya jiko, mwanamke wa miaka arobaini na mbili, nimeuma ncha ya ushungi wangu nisipige kelele.

Hasira hiyo bado ninayo. Umekwenda kumuaga bibi yako ng'ambo ya soko la mifugo, na najua hatakuachia kabla ya magharibi, kwa hiyo nina muda. Mambo ya basi na msafara wa polisi, ya chakula na ya marafiki, wameshakwambia watu kumi. Mimi nina moja tu, na ni langu. Naliandika kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali nimekisema maisha yangu yote bila kufundishwa kukiandika, na kwa mdomo siwezi. Nimejaribu miaka mitano.

Mwaka tisini na mbili nilikuwa nafundisha darasa la nne hapa Garissa. Kambi zilikuwa zinajaa. Shirika moja lilikuwa linatafuta mtu anayejua kupiga taipu, anayesema Kisomali na Kiingereza, na ambaye hataogopa kukaa Dagahaley, moja ya kambi hizo. Baba yako alikuwa safarini na ng'ombe wake. Akaniambia kwa simu ya posta, "Nenda, lakini usiniletee maneno." Nikakuacha kwa bibi yako. Ulilia siku tatu, waliniambia baadaye.

Ofisi ilikuwa chumba cha mabati chenye sakafu ya saruji. Ndani kulikuwa na kompyuta ndogo, boksi moja tu, na kioo chake cha rangi nyeusi na nyeupe hakikuzidi ukubwa wa daftari. Jenereta ikizimwa tuliifunika kwa shuka ili mchanga usiingie. Aliyeileta ni muuguzi wa Kizungu, jina lake Margit. Aliyekaa nami mezani ni Abdullahi Yare, mkimbizi, ambaye zamani alikuwa mwalimu wa hesabu Kismayu. Kazi yetu ilikuwa moja: kuwaandikisha watoto waliopotezana na watu wao, ili anayewatafuta awapate. Mimi nililipwa mshahara. Yeye alipewa posho, kwa sababu ni mkimbizi. Nililiona hilo na sikusema kitu. Hapo ndipo nilipoanza kuzoea kunyamaza.

Margit alitufundisha kwa siku sita. Kila mtoto ana kadi yake kwenye kioo. Kadi zote pamoja ni bunda. Na nyuma ya kadi zote kuna kitu kimoja ambacho sisi wawili tulikiita mgongo. Ukichora kitu mgongoni mara moja, kinaonekana kwenye kila kadi. Visanduku vya kuandikia vilikuwa huko: Jina, Jina la baba, Jina la babu, Jina la mama, Alikotoka. Sasa sikiliza vizuri. Kisanduku ni cha mgongo, ni cha wote. Maneno yaliyomo ni ya kadi, ya mtoto mmoja.

Wewe umesoma zile kozi za jioni: mistari imepangwa, kompyuta inaanza wa kwanza, inashuka mpaka wa mwisho. Mimi nami nilitafuta mstari wa kwanza. Nikamuuliza Margit, "Programu inaanzia wapi?" Akasema, "Haianzi. Inakaa inangoja." Ukibonyeza kitufe, unatoka ujumbe kwamba kimebonyezwa. Kama kitufe chenyewe kina maagizo ya ujumbe huo, kinayafuata na mambo yanaishia hapo. Kama hakina, ujumbe unapanda kwenye kadi. Kadi ikiwa haina, unapanda mgongoni, halafu kwenye bunda zima, halafu kwenye lile bunda la kwanza linaloitwa Nyumbani. Unapanda hivyo mpaka umpate wa kuupokea.

Nilimwitikia bila kuelewa. Siku nne nikaandika maagizo ya kitufe cha Tafuta kwenye kadi moja baada ya nyingine, maneno yale yale, najisifu kwa bidii. Abdullahi akanitazama mpaka akachoka. "Mwalimu," akasema, "ukiwaambia mara moja mgongoni, hawatasikia wote?" Nilimkasirikia mchana mzima. Jioni nikayafuta yote, nikaandika mara moja mgongoni, na kila kitufe kikaitika. Ndipo nilipoelewa kwamba kuandika maagizo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua yanakaa wapi, maana yakikaa kwenye kitufe yanamgusa mmoja, na yakikaa mgongoni yanawagusa wote. Hiyo ndiyo unayoiita kubonyeza tu.

Na kwa nini tuliandika jina la mama? Wewe ni Msomali, usiniulize. Akina Mohamed Abdi Hassan tulikuwa nao kumi na wanne. Jina moja, baba mmoja, babu mmoja, kwa karatasi huwezi kuwatenganisha. Aliyewatenganisha ni mama. Mwanamke akifika kutoka mpakani Liboi na miguu imepasuka, tunamuuliza jina lake yeye, tunalitafuta, na kadi inajitokeza. Nimewaona wanawake wakikibusu kioo kile, Ifrah. Tulikuwa tunafuta alama za midomo kwa shuka.

Margit mkataba wake ukaisha, akaondoka. Juu yetu akabaki mratibu, mtu wa shati lililopigwa pasi hata kwenye vumbi lile. Wageni wenye kutoa fedha walikuwa wanakuja, na kambi nzima ilikuwa inafagiwa.

Kila Alhamisi Abdullahi alinakili bunda lote kwenye disketi, kompyuta ikifa watoto wasife nayo. Wiki ile mratibu aliingia akazikusanya disketi zote, apate kuwagawia wageni ripoti yake. Abdullahi akasimama mlangoni.

"Bwana, hizo zina nakala za watoto."

"Si wako ndani ya kompyuta? Wageni wakiondoka utanakili tena."

"Na kompyuta ikiharibika kabla?"

"Abdullahi, unanizibia njia."

Akampisha. Mimi nilikuwa pale pale nachonga penseli.

Siku ya pili mratibu akanijia peke yangu. Alitaka kadi ya kuwaonyesha wageni iwe na namba ya mgao wa chakula kwa herufi kubwa, na kioo kisijae maneno. "Toa hilo la mama," akasema. "Hawatalielewa."

"Kwenye kadi ya kuonyesha tu?"

"Ya kuonyesha tu."

Abdullahi alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri. Ningemngoja robo saa. Sikumngoja, na sababu yake ni mbaya: nilitaka siku moja nifanye kitu bila mtu yule kunisahihisha. Kisanduku kile hakikuwa cha kadi, kwa hiyo ukiwa kwenye kadi huwezi kukiondoa. Nikaingia mgongoni. Ukiwa huko kompyuta inakuonya. Ile safu ya maneno iliyo juu ya kioo inazungukwa na vimistari vidogo vya mshazari. Niliviona. Nikakichagua kisanduku, nikabonyeza kufuta. Likatokea swali. Nikajibu ndiyo kabla sijalisoma mpaka mwisho.

Na programu ile ilikuwa haingoji uiambie ihifadhi. Kila unachofanya inakiandika yenyewe, hapo hapo. Nikapanga namba ya mgao, nikakuza herufi, nikaridhika. Kisha nikahamia kadi ya pili niangalie. Jina la mama halipo. Ya tatu, halipo. Nikaendelea kubonyeza mpaka kidole kikaniuma. Kisanduku kilipokwenda, kilikwenda na maneno ya kila mtoto.

Nilipoinua macho, Abdullahi alikuwa mlangoni, kofia ya swala kichwani. Alitazama kioo. Alitazama vile vimistari. Akageuka, akatoka.

Wageni walikuja, wakasifu, wakaipiga picha kompyuta. Walipoondoka akaja mwanamke kumtafuta bintiye, na tukashindwa kumjibu, ndipo mratibu akatuita watumishi wote kwenye kivuli cha tangi la maji.

"Nani amefuta?"

Nikatazama bomba la tangi likidondosha maji.

"Kazi ya nakala ni ya nani?"

"Yangu," akasema Abdullahi.

"Ziko wapi?"

"Ulizichukua wewe."

"Nilichukua disketi tupu."

Abdullahi hakubishana naye. Alinigeukia mimi, taratibu, kama mwalimu anayempa mwanafunzi nafasi ya mwisho. "Mwalimu, una la kusema?"

Nikasema, "Mimi sijui."

Hayo ndiyo maneno niliyoyasema, binti yangu. Sikutishwa wala sikupewa kitu. Niliyasema kwa sauti yangu ya kawaida. Abdullahi akavua kitambulisho shingoni, akakizungushia uzi wake vizuri, akaenda ofisini akakiweka juu ya meza. Hakukiweka kwenye meza ya mratibu, alikiweka kwenye yangu.

Mwezi ule nilipokuja nyumbani kwa likizo nilimwambia baba yako, "Kuna mkimbizi ameharibu kompyuta." Wewe ulikuwa umelala mapajani mwangu. Nilidhani husikii. Kumbe umelihifadhi mpaka jana.

Niliporudi kambini nilichukua daftari, nikazunguka bloku kwa bloku kuuliza majina upya. Wakubwa walijibu. Wadogo ndio walionimaliza. Majina ya mama zao tulikuwa tumepewa mwanzoni na majirani waliokimbia nao, na majirani wengine walikwisha hama, wengine wamekufa. Nilimkuta Mohamed Abdi Hassan mmoja, wa miaka sita hivi, anacheza na kifuniko cha kopo.

"Mama yako anaitwa nani?"

"Hooyo."

"Najua, kwako ni mama. Na watu wengine, wanamwitaje?"

Alifikiri sana, amekunja uso. "Hooyo Mohamed," akasema.

Niliketi pale pale mchangani.

Baada ya hapo ikaja barua kutoka Buna. Mwanamke aliyevuka mpaka huko kaskazini, anaishi kwa jamaa zake, amesikia mwanawe Mohamed Abdi Hassan yuko Dagahaley. Jina lake yeye, Dahabo, aliliandika chini kwa herufi kubwa. Tulikuwa na watatu wa umri huo. Mratibu akasema nisicheleweshe. Nikawatazama wote watatu, nikamchagua yule wa kifuniko cha kopo, kwa sababu karatasi ilisema alitoka upande wa Baardheere, kwao Dahabo kule Somalia. Nikatia sahihi. Akapandishwa lori pamoja na mama mmoja wa kumsindikiza, siku mbili kupita Wajir mpaka Buna.

Siku ya tisa akarudishwa. Yule msindikizaji alinieleza huku akikung'uta vumbi, hanitazami. Dahabo alikimbia mpaka kwenye lori, akamshika mtoto kidevu, akamtazama, akamwachia. Mtoto akamng'ang'ania gauni. Alikuwa anaamini kwamba huyo ni mama yake, maana sisi ndio tuliomwambia. Wanaume wawili walihitajika kumtoa.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa Abdullahi. Alikuwa amefungua kibanda cha chai sokoni, karibu na wanaouza mgao. Nikakaa kwenye dumu.

"Walaal," nikaanza.

"Usiniite walaal. Mimi si ndugu yako. Chai ngapi?"

"Nimekuja kukwambia kwamba ni mimi niliyefuta."

Akacheka kwa pua. "Mwalimu, unanipa habari? Nilikuwa mlangoni."

"Kwa nini hukusema?"

"Nani angemwamini mkimbizi? Nilikupa wewe nafasi ya kusema. Watu sita walisikia nikikupa." Akamimina chai ya mtu mwingine. "Na leo hukuja kwa ajili yangu. Umekuja kwa ajili ya yule mtoto wa lori. Kambi nzima inajua. Unataka jina."

Ningependa kukwambia nilikataa. Nilisema, "Ndiyo. Nataka jina."

Akageuka, sufuria mkononi. Nilidhani atanimwagia sufuria. "Mtoto wa Dahabo yuko bloku ya kisima, ana kovu la moto kwenye kiwiko," akasema. "Kadi yake niliiandika mimi mwenyewe. Ninao wengi kichwani, kwa sababu mimi niliwasoma wakati wa kuwaandika. Leta daftari lako kesho. Nitakwambia ninaowakumbuka. Nitafanya kwa ajili yao. Chai yako lipa."

Alinitajia majina kwa siku tano, kati ya mteja na mteja. Mengi alikuwa nayo, si yote. La yule wa kifuniko cha kopo hakuwa nalo. Hakuwa yeye aliyeiandika kadi hiyo. Nilikuwa mimi, na sikulikumbuka hata herufi moja.

Mtoto mwenye kovu nilimpeleka Buna mwenyewe. Sikumwomba mratibu ruhusa. Tulifika mchana, mimi na yeye tumekuwa rangi moja kwa vumbi. Dahabo alikuwa amesimama mbele ya nyumba, safari hii hakukimbia. Alimkunja mtoto mkono, akaliona kovu, akamvuta kifuani. Watu wakapiga vigelegele. Yeye, bado amemshika, akaniuliza, "Nani aliyeniletea yule wa kwanza?"

"Ni mimi," nikasema. "Ni mimi niliyemchagua, na majina ni mimi niliyeyafuta."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema mbele ya watu. Akaja akanipiga kofi. Halikuwa kofi la kuonya. Sikio lilivuma mpaka jioni. Hakuna aliyemzuia, nami sikujikinga. Kisha akaingia ndani, na alipotoka alikuwa na maziwa ya ngamia kwenye kibuyu, akanipa, akakaa mbele yangu mpaka nikayamaliza. Ndipo akauliza, "Na yule mtoto mwingine, ana nani?"

Nikamrudishia kibuyu. Jibu mpaka leo sina. Nilimwacha kwa familia moja ya bloku yake, watu wema, na mama yake hakupatikana nikiwa kambini.

Niliporudi niliandika barua ya kurasa mbili: nani alichukua disketi, nani alifuta, nani alisema hajui. Mratibu akaisoma amesimama. "Jambo hili limeshapita," akasema. "Mkataba wako nilikuwa naurefusha. Irarue, tuendelee na kazi." Nikamwambia nakala nimeshaituma Nairobi. Mwisho wa mwezi nikawa sina kazi. Mratibu yeye alihamishwa kwenda pakubwa zaidi. Abdullahi hawakumrudisha; walisema nafasi yake imeshajazwa. Nilikwenda kumwambia, akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuosha vikombe. Baba yako akawaambia majirani mkataba umeisha, nami nikamwacha aseme, na kile kisa cha mkimbizi nikakiacha humu ndani kama kilivyo. Kiliota mizizi. Kikafika mdomoni mwako.

Kwa hiyo hasira yangu ya jana haikuwa yako, au ilikuwa yako kidogo tu. Yako ni ile ya kudharau. Huko Mombasa watakupa lugha ngumu zaidi, na utawakuta wenzako wanaocheka kitu chochote chenye kitufe na picha. Usicheke nao. Mimi nilikuwa nacho hicho chepesi, nikaambiwa kwa vimistari niko mahali gani, nikaulizwa kama nina hakika, na bado nikawafutia watoto mama zao. Chombo hakikunidanganya hata mara moja.

Na utakosea, hooyo. Sikuombei usikosee, nitakuwa namdanganya Mungu. Utafuta kitu cha watu, na watakusanywa, na atauliza mtu mwenye shati safi, nani? Itapita nafasi fupi sana, kama ya kumeza mate. Mimi nafasi ile naijua ilivyo. Mdomo ni mwepesi ndani yake, neno lolote linatoka. Sina dawa ya kukupa. Nakwambia tu kwamba kofi la Buna lilikuwa jepesi kuliko kile kitambulisho kilichowekwa juu ya meza yangu.

Kesho asubuhi, kabla hujaondoka, nitamwambia baba yako mbele ya watu wote wa nyumba jina la aliyefuta. Atakasirika, na ana haki. Nimeanza na wewe kwa sababu ni wewe niliyekuogopa zaidi.

Nenda na amani ya Mungu, na urudi nayo.

Mama yako,
Sahra